Kiti cha bunge hakifuti Gatumba

Wandugu, kila uchaguzi wa Burundi ukipita, jina la Agathon Rwasa linarudi kwenye mazungumzo yetu, kuanzia Buyenzi mpaka kambini. Wengine wanasema: huyu ndiye mpinzani wa kweli, ameonewa. Wengine wanajibu: aanguke tu, ndiyo malipo ya Gatumba. Mimi nasema pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo linatuumiza sisi wakimbizi kwanza.

Tuangalie safari yake. Aliongoza waasi wa Palipehutu-FNL. 2006 wakasaini kusimamisha vita kule Dar es Salaam, 2008 akarudi Bujumbura, 2009 FNL ikawa chama cha siasa. 2010 akagoma uchaguzi na kujificha, mpaka 2013. 2015, wakati nchi inawaka moto kwa sababu ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, aliingia bungeni na kuwa makamu wa kwanza wa spika. 2019 akaanzisha CNL. 2020 tume ya uchaguzi ilimpa kura kama asilimia 24, chama chake viti 32.

Halafu mlango ukafungwa. 2023 wizara ya mambo ya ndani ilisimamisha shughuli za CNL. Machi 2024 kongamano la Ngozi likamtoa kwenye uongozi wa chama alichokianzisha mwenyewe. Juni 2025, CNDD-FDD ikachukua viti vyote 100 vilivyopigiwa kura.

Sasa anayefurahia hilo anafurahia nini? Sheria za kumpokea mkimbizi au kumfukuza zinapita katika bunge hilohilo. Sisi hatupigi kura hapa. Tunahitaji angalau mtu mmoja mle ndani wa kumuuliza waziri swali gumu. Bunge la chama kimoja halitaleta mtu huyo.

Lakini nyinyi mnaomfanya Rwasa shujaa, ngojeni kidogo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kwenye kambi ya wakimbizi ya Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, watu zaidi ya 150 waliuawa. Wengi walikuwa Banyamulenge, wengi wanawake na watoto, waliokimbia vita ya Kivu ya Kusini. FNL yenyewe, kupitia msemaji wake, ilisema ndiyo iliyofanya. Kiongozi wa FNL wakati huo alikuwa nani? Jibu mnalo.

Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na mtu si mkosaji mpaka ahukumiwe. Sawa kabisa. Ndiyo maana tunataka mahakama! Wapiganaji wa FNL walipewa kinga ya muda ili vita viishe. Ya muda, wandugu. Tangu 2006 mpaka leo, huo muda unaisha lini? Mahakama maalum iliyozungumzwa tangu makubaliano ya Arusha haijawahi kuundwa.

Na msidanganywe na wale waliomtoa. CNDD-FDD iko madarakani tangu 2005. Wangetaka hukumu ya Gatumba, muda walikuwa nao. Rwasa hakupoteza nafasi yake kwa ajili ya wafu wetu. Alibanwa kwa mambo ya kanuni za chama na makongamano. Alipofaa kukaa mezani, Gatumba ilinyamazishwa. Alipokuwa hafai tena, bado ilinyamazishwa. Hapo ndipo wote wawili wanapatana.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Mpinzani ana haki ya kugombea na kura zake kuhesabiwa vizuri, hata kama sisi hatumpendi. Na wafu wa Gatumba wana haki ya kesi, hata kama mshukiwa ni mpinzani anayeonewa. Haki moja hailipi deni la nyingine.

Ndugu zetu wa mashirika, mnatuambia kila siku mkimbizi asijiingize kwenye siasa. Tumeelewa. Lakini kuuliza nani aliua wakimbizi kambini si siasa ya chama. Tusaidieni kuandika ushuhuda wa walionusurika na kuutunza pahali salama, kwa sababu wazee wanazeeka na wengine wamesafirishwa mbali, mpaka Marekani.

Na sisi vijana, tarehe 13 Agosti isiwe siku ya mishumaa tu. Tusome majina. Halafu tuulize kwa sauti: kesi iko wapi?