MOTOKAA NA MATUNZO YAKE: Kusafisha Injini ya Peugeot 404

Mtu mwenye motokaa ya zamani hupenda kuipangusa nje mpaka ing'ae kama kioo, lakini boneti haifungui ila siku gari linapokataa kuwaka. Huo si utunzaji. Injini haisafishwi ili ipendeze tu. Husafishwa ili mwenyewe apate kuona. Palipoganda tope la mafuta la miaka kumi, hakuna jicho liwezalo kuutambua mpira wa petroli uliopasuka, na mpira huo mmoja watosha kuteketeza gari zima.

Peugeot 404 ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa kuwa ni gari linalojulikana sana katika Afrika ya Mashariki. Lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, nalo likashinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katika Safari ya 1963 na ile ya 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili 404 ilikuwa mbele. Injini yake ya petroli, ya sentimeta za ujazo 1,618, haikusimama wima bali imeinamishwa digrii 45, ili boneti iwe chini. Uzuri huo una taabu yake. Chini ya ubavu ulioinama mkono haupiti kwa urahisi, na huko ndiko vumbi jekundu la barabara hukutana na mafuta yanayovuja, likawa gumu kama udongo wa mfinyanzi.

Mara nyingi gari la namna hii limekaa bandani tangu mzee mwenyewe alipofariki. Siku moja kijana wake analitaka kwa ajili ya arusi, naye kwa haraka analipeleka kando ya barabara kwa waoshaji wenye mashine ya maji ya nguvu. Maji yale hupenya ndani ya distributa na dainamo, na gari likakataa kuwaka pale pale. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya yule anayeona mafuta ya taa yanachelewesha kazi, akachovya brashi katika petroli. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata penye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukakuta jiko la jirani au sigara ya mtazamaji. Mafuta ya taa, yakiwa hayajapata joto la kadiri ya digrii 38, hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka hivyo. Hata hivyo moto ukae mbali nayo, na ndoo ya mchanga ikae karibu.

Basi kazi ifanywe nje, kivulini, injini ikiwa imepoa kabisa. Maji baridi juu ya chuma chenye moto huweza kukipasua. Waya za betri zifunguliwe, ukianza ule ulioungwa na mwili wa gari. Distributa, koili, dainamo na mdomo wa kabureta vifunikwe. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku katika Kenya mwaka 2017, lakini kipande cha tyubu kuukuu ya gurudumu kilichofungwa kwa ukanda wa tyubu hiyo hiyo ni bora kuliko mfuko wowote.

Tope gumu likwanguliwe kwa kijiti cha mti kilichochongwa, si kwa bisibisi. Kisha mafuta ya taa yapakwe kwa brashi ndogo ya rangi, yaachwe kwa robo saa, yapanguswe kwa kitambaa. Yasiachwe juu ya mipira na mkanda wa feni, kwani huivimbisha. Mwisho ni maji vuguvugu yenye sabuni ya kawaida, kwa kitambaa na mswaki wa zamani. Soda kali ya kutengenezea sabuni isitumiwe hata kidogo, kwa sababu kichwa cha silinda ni cha alumini na soda hiyo huila. Rejeta nayo isukumwe maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, ili mbegu za majani na wadudu watoke kwa njia waliyoingilia. Mafuta machafu yakingwe kwa karai. Mkulima asiyamwage penye mfereji wa kunyweshea ng'ombe.

Penye namba ya injini pasiguswe kwa brashi ya waya wala kupakwa rangi nzito. Namba hiyo imeandikwa katika kitabu cha gari, na ikifutika, mnunuzi na polisi watakuwa na maswali mengi. Rangi ya kupulizia ni hila ya wauzaji. Huficha ufa uliopaswa kuonekana. Hata katika maonyesho ya magari yanayofanywa Nairobi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambayo yalianza mwaka 1970, waamuzi hufunua boneti na kuchungulia pembe zisizofikika.

Kila kitu kikisha kukauka, mipira ya petroli ikunjwe kidogo kwa vidole. Ukionekana ufa, hata mwembamba kama unywele, mpira huo utupwe, na gari lisiwashwe mpaka upatikane mwingine. Ikiwa mizima, vifuniko viondolewe, betri iungwe, gari liwashwe mpaka lipate joto, kisha lizimwe na gazeti kuukuu litandazwe chini yake usiku kucha. Asubuhi gazeti litasema. Tone jeusi ni mafuta ya injini. Doa la rangi ya kutu ni maji ya rejeta. Tone jepesi lenye utelezi karibu na pedeli laweza kuwa mafuta ya breki, ambayo pia hubabua rangi ya gari. Petroli hukauka bila kuacha doa kubwa, kwa hiyo gazeti linuswe kabla jua halijalipata.