Injini Mezani, na Nani Aketi Mbele Yake

Likizo ikiingia na boksi la kuunga vipande vya plastiki likiletwa nyumbani, mara nyingi hukabidhiwa mtoto wa kiume, na dada yake huitwa jikoni. Juma hili twawaomba wazazi wenzetu walitazame upya jambo hilo, kwani kazi iliyomo ndani ya boksi lile yataka mkono ambao mabinti wetu wa pwani wanao tangu zamani.

Tuchukue injini ya ndege iitwayo Wright J-5 Whirlwind, ambayo mfano wake wa plastiki huundwa kwa thumni ya ukubwa wa injini yenyewe. Ile ya kweli ina upana wa sentimita 114 hivi na nguvu za farasi 220; ya mezani haizidi sana sentimita 14, sawa na kisahani cha kikombe. Ndiyo iliyomvusha Charles Lindbergh, akiwa peke yake, kutoka New York hadi Paris tarehe 20 na 21 Mei 1927, kwa saa 33 na nusu. Ndege ile ilikuwa na injini moja tu. Ingalizimika juu ya Atlantiki, hapakuwa na ya pili.

Silinda zake 9 zimepangwa duara, na kila moja imezungushiwa mapezi membamba ya kupitisha upepo, kwa kuwa haipozwi kwa maji. Mapezi hayo ndiyo mtihani wa mpaka rangi. Anayeunga kila kitu kwanza hatafika tena kwa brashi yake nyuma ya silinda. Basi kila kipande kikatwe taratibu kwa kisu kidogo, mshono wake usuguliwe kwa msasa laini, kisha kipakwe kikiwa peke yake. Rangi nyeusi itangulie. Ikikauka, brashi ichovywe katika rangi ya fedha na kufutwa kwenye kitambaa hadi ikaribie kukauka, ndipo ipitishwe juu juu: ncha za mapezi zitang'aa, na weusi utabaki mashimoni kama kivuli. Mabomba ya moshi yapakwe hudhurungi, maana chuma kilichoungua hakibaki cheupe.

Kisha nyaya. Kila silinda ina plagi 2, hivyo nyaya ni 18, na aghalabu muungaji hujitengenezea mwenyewe. Uzi wa kushonea uliopitishwa kwenye nta wafaa sana. Binti aliyezoea kuzungushia uzi vitobo vya kofia hapa hahitaji mwalimu. Huenda akawa yeye wa kumfunza kaka yake. Naye kaka asifukuzwe. Mmoja asugue, mwingine apake, na sufuria wazioshe kwa zamu.

Akimaliza, aulizwe kwa nini silinda ni 9 wala si 8. Moto hauwaki kwa kufuatana, bali kwa kuruka moja: 1, 3, 5, 7, 9, kisha 2, 4, 6, 8, ndipo urejee 1. Idadi ikiwa witiri, mizunguko miwili huzifikia zote. Ingekuwa 8, kuruka huko kungerudi pale pale na nusu ya silinda zisiwake kamwe. Afuate kwa kidole mwenyewe, asielezwe mapema.

Bei ya boksi, kwa kweli, si ya mchezo, na moja latosha nyumba nzima. Gundi yake hutoa mvuke mkali: madirisha yafunguliwe, watoto wachanga na mama wajawazito wakae mbali, na rangi ziwe zile za kuchanganywa na maji. Wenye kutumia rangi ya kupuliza wasubiri siku kavu, kwani wakati wa masika unyevu huifanya ipate ukungu mweupe. Kazi ikiisha, injini isiwekwe dirishani. Jua letu huipinda plastiki.