‘Ni hedhi tu’: neno ‘tu’ ndilo linalotuponza

Kuna maneno matatu ambayo msichana wa Magogoni huyasikia karibu kila anapolalamika kuhusu mwili wake: ni hedhi tu. Kichwa kikimuuma, ni hedhi tu. Akichoka hadi kushindwa kuinuka kitandani, ni hedhi tu. Mguu ukiingia ganzi au macho yakiona ukungu siku mbili kabla ya kuona siku zake, bado ni hedhi tu. Anayesema hivyo anaweza kuwa mamake, shangazi yake, bosi wake dukani, hata mhudumu wa zahanati. Na mara nyingi anasema kwa nia njema kabisa.

Leo tunataka kuyaangalia maneno hayo kupitia ugonjwa mmoja ambao hautajwi sana mitaani kwetu: maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi. Tunauchagua huu kwa sababu kwa wanawake wengi walio nao, hedhi kweli huzidisha dalili. Kwa hivyo neno ‘hedhi’ halina kosa. Kosa liko kwenye lile neno dogo la mwisho. ‘Tu’ ndilo linalofunga mazungumzo kabla hayajaanza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Fikiria waya wa stima. Ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Plastiki ikichunika, umeme unavuja na taa inaanza kupepesa. Mishipa ya fahamu nayo imevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini. Mtu akiwa na MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kulichuna ganda hilo kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Ujumbe kutoka kichwani unafika ukiwa umechelewa, au haufiki kabisa. Ndiyo maana dalili hazifanani: mmoja anapata ganzi, mwingine jicho moja linaingia giza na kuuma, mwingine anapepesuka kama mlevi, mwingine anachoka uchovu usioisha kwa kulala.

Duniani kote watu walio na MS wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2.8. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na wengi huambiwa wana ugonjwa huu wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40. Yaani ni rika lako wewe unayesoma hapa. Tena kuna jambo la kushangaza: kabla ya kubaleghe, wavulana na wasichana wanaougua hukaribiana kwa idadi. Baada ya kubaleghe ndipo wasichana wanawazidi wavulana. Hiyo ni ishara kubwa kwamba homoni zina mkono wake katika stori hii.

Ni kweli pia kwamba MS ni nadra zaidi karibu na ikweta kuliko Ulaya au Marekani Kaskazini. Lakini nadra si sawa na hakuna. Na huo uhaba wenyewe una hatari yake, kwani daktari asiyeutarajia ugonjwa hautafuti. Msichana atapimwa malaria, atapimwa taifodi, atapewa vitamini na kurudishwa nyumbani. Akirudi mara ya tatu, kuna watakaoanza kunong'ona kuhusu majini. Hatuna ugomvi na dua ya mtu. Tunachosema ni kwamba dua na daktari vinaweza kwenda pamoja, na mguu uliopooza hauwezi kungoja mwaka mzima.

Sasa hedhi inaingiaje? Katika nusu ya kwanza ya mzunguko, homoni ya estrojeni hupanda. Yai likishatoka, projesteroni nayo hupanda, na joto la mwili huongezeka kwa kiasi cha nyuzi 0.3 hadi 0.5. Siku chache kabla ya damu kuanza, homoni zote mbili huporomoka. Ni katika siku hizo, na zile za mwanzo za hedhi, ambapo wanawake wengi wenye MS husema dalili zao huzidi: miguu inakuwa mizito, ganzi inarudi, kichwa kinakuwa kama kimejaa pamba. Watafiti wa Uholanzi waliandika kuhusu hali hii tangu 1997. Sababu kamili bado inachunguzwa, lakini kuna mambo mawili yanayotajwa sana: kuporomoka kwa homoni, ambazo zina uhusiano na kinga ya mwili, na lile joto.

Joto si jambo dogo. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi wagonjwa wa MS walivyopungukiwa na nuru ya macho baada ya kufanya kazi ya kuchosha mwili. Baadaye ilibainika kwamba kinacholeta shida ni kupanda kwa joto la mwili. Mshipa uliochunika ganda hushindwa kupitisha ujumbe vizuri unapopata joto, na nusu ya nyuzi moja inaweza kutosha. Kabla ya mashine za MRI kuenea, baadhi ya madaktari walikuwa wakimweka mtu ndani ya maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. Siku hizi kipimo hicho kimeachwa.

Hebu sasa ulete hayo hapa Magogoni. Mwezi wa Februari na Machi, kaskazi ikipungua, joto linapita nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu. Nyumba ni ya mabati, stima imepotea, feni imesimama. Mwili wa msichana wa MS, akiwa karibu kuona siku zake, tayari umepanda nusu nyuzi wenyewe. Halafu anapanda matatu iliyojaa, anakwama kwenye foleni ya daraja la Nyali. Akifika kazini miguu haimbebi. Ukimwambia ni mvivu umekosea, na ukimwambia ni hedhi tu umekosea vilevile.

Hapa kuna habari njema ambayo wengi hawaambiwi. Dalili zinazozidi kwa sababu ya joto au siku za mwezi, kisha zikatulia mwili ukipoa au hedhi ikipita, kwa kawaida hazimaanishi kwamba mshipa umepata jeraha jipya. Ni majeraha ya zamani yanayopiga kelele. Shambulio la kweli ni tofauti: ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi sana, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Hilo linahitaji hospitali upesi. Ukishindwa kuona kwa jicho moja, mguu au mkono ukikosa nguvu, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje hedhi iishe ndipo uende. Na usisahau kwamba hata UTI, hii tunayoijua sote, inaweza kuzidisha dalili za MS, kwa hivyo ni muhimu ipimwe.

Unaona basi tofauti ilivyo muhimu? Mwanamke anayejua mzunguko wake anaweza kusema, “Hii naijua, itapita Alhamisi,” au, “Hii ni ngeni, nipelekeni hospitali.” Asiyejua atahangaika kila mwezi bila sababu, au atakaa nyumbani siku ambayo hakupaswa kukaa. Neno ‘tu’ linamnyima maarifa hayo.

Mimba nayo ina somo lake. Zamani madaktari wengi waliwashauri wanawake wenye MS wasizae, na hadi leo utasikia mtu akimwambia kaka yake, “Usimuoe, ana ugonjwa wa mishipa.” Utafiti uliochapishwa 1998, uliofuatilia wanawake 254 katika nchi 12 za Ulaya, ulionyesha kinyume na hofu hiyo. Mashambulizi yalipungua kwa takriban asilimia 70 katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Yaliongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, kisha yakarudi kiwango cha kawaida. Kwa hivyo mwanamke mwenye MS anaweza kuolewa na kuzaa. Kinachotakiwa ni kupanga mapema na daktari, maana baadhi ya dawa za MS hazifai wakati wa mimba.

Hapa Pwani tuna desturi nzuri ya arobaini, jamaa wakimtunza mzazi. Lakini arobaini ikiisha watu hutawanyika, na bado zimebaki wiki kama saba za ile miezi mitatu ya hatari. Mama wa aina hii anahitaji mkono wa msaada kwa muda mrefu zaidi. Na yale maji ya moto ya kumkanda? Kwake yanaweza kuilegeza miguu kwa muda. Mwekeeni ya vuguvugu, na asiachwe peke yake bafuni.

Kuna atakayeuliza: kama mambo haya yanajulikana, mbona hatuambiwi? Sehemu ya jibu ni kwamba miili ya wanawake iliachwa nje ya utafiti kwa muda mrefu. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasihusishwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Mwongozo huo ulibadilishwa 1993. Tangu hapo kuna hatua zilizopigwa. Huko Los Angeles, Profesa Rhonda Voskuhl na wenzake waliwapa wanawake wenye MS estrioli, homoni ambayo hupanda wakati wa mimba, pamoja na dawa yao ya kawaida. Matokeo ya wanawake 164, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha mashambulizi kupungua. Bado si tiba ya kawaida, na wala usiende kujinunulia homoni kwa kusoma hapa.

Na usidhani kupuuzwa ni shida ya maskini pekee. Mwigizaji wa Marekani Selma Blair alitangaza 2018 kwamba ana MS, akaeleza kuwa alikuwa na dalili kwa miaka mingi bila kuchukuliwa kwa uzito. Baadaye alisimulia kwamba alipoambiwa jina la ugonjwa wake alilia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya nafuu. Ikiwa mtu wa Hollywood alisubiri hivyo, fikiria muuza viazi karai wa Magogoni.

Tunasema nini basi?

Kwa zahanati na hospitali zetu: tayari mnauliza swali zuri sana, “Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?” Lakini mnaliuliza ili kujua kama mtu ana mimba. Likiisha hilo, faili linafungwa. Ongezeni la pili: “Je, haya unayoyasikia hukujia tarehe zilezile za mwezi?” Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti.

Kwa kaunti: afya imekuwa mikononi mwenu tangu 2013. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu. Orodha haimponyi mtu hadi dawa ifike dirishani, na mgonjwa wa Kisauni hapaswi kulazimika kwenda Nairobi kutafuta daktari wa mishipa ya fahamu. Tunawataka mtuambie mpango ni upi.

Kwa vijana wa kiume: dadako au mchumba wako akisema miguu imekufa ganzi, usimfanyie mzaha wa mambo ya mwezi. Muulize imeanza lini, kisha umsindikize.

Na kwako dada: ganzi haimaanishi una MS. Inaweza kuwa upungufu wa vitamini B12, kisukari, au kitu kingine kabisa, na daktari ndiye wa kutenganisha. Lakini andika. Chukua kalenda ya ukutani au simu yako, weka alama siku damu inapoanza, halafu andika dalili, saa ilizodumu, kama ulikuwa na homa na kama joto lilikuwa kali. Fanya hivyo miezi mitatu. Kama tayari una MS, zile siku ngumu zipangie mapema: shughuli za asubuhi au baada ya alasiri, maji ya kunywa, leso iliyoloweshwa shingoni, na dawa zako usiziache bila kuzungumza na daktari.

Ukiingia chumba cha daktari na karatasi ya miezi mitatu, itakuwa vigumu mtu kukujibu kwa maneno matatu. Akijaribu, iweke karatasi mezani, na umwombe aisome kabla hujatoka.