Zawadi ya Maabara: Si Spika, ni Betri

Leo kalamu yangu haitaki mzaha. Kidato cha nne wanachanga pesa za kuinunulia maabara ya tarakilishi zawadi kabla hawajaondoka. Nasikia wengi wanataka spika kubwa na vidude vya kuchezea kandanda kwenye skrini. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Nunueni UPS. Hiki ni kisanduku chenye betri kinachokaa kati ya soketi na mashine. Stima ikipotea, hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima tarakilishi kwa utaratibu. Muhula uliopita stima ilituchezea mara mbili katikati ya zoezi, na wenzangu watatu wakaanza hifadhidata zao upya, machozi karibu yawatoke. Sasa hebu fikirini: karatasi ya pili ya somo hili katika KCSE ni ya vitendo. Spika itakufaa nini hapo? Ila tusichomeke printa ya leza kwenye UPS, maana hiyo hula umeme kama moto ulavyo nyasi. Tena betri yenyewe huchoka baada ya miaka michache, kwa hivyo shule iweke akiba ya kuibadilisha.

Pesa zikibaki, nunueni flashi. Sisi wa kutwa hatuna prepu ya usiku. Kazi isipoisha, ni kukimbilia saiba, na huko unalipia kila dakika. Ajabu ni kwamba faili uliyoitengeneza shuleni huko hufunguka ikiwa imevurugika, kwa vile programu ni tofauti. Dawa ninayo: LibreOffice. Programu hii ilianza mwaka wa 2010 na ni ya bure kwa halali, si ya wizi. Iko aina yake ya kubebeka inayokaa ndani ya flashi yenyewe, ukaifungua kwenye mashine ya Windows bila kuisakinisha. Halafu (wanachama, sikieni hili!) ina kamusi ya Kiswahili ya kusahihisha tahajia. Insha yako haitachorwa mistari myekundu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho eti kwa sababu si Kiingereza.

Mtasema mimi ni adui wa michezo. La hasha! Solitaire iliyokuja na Windows 3.0 mwaka wa 1990 ilifundisha mikono mingi kuvuta kitu kwa kipanya. Lakini ile Vice City ya mwaka wa 2002, ambayo vijana wanainakili kichinichini, kule Marekani imepewa alama ya miaka 17 kwenda juu. Mimi nina 16, na wa kidato cha kwanza je?

Mchezo ninaoupendekeza ni Tux Typing, nao pia ni wa bure. Samaki wanaanguka na maneno, ukiyapiga chapa upesi pengwini anawameza. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuuwekea orodha yako ya maneno, kwa hivyo chama chetu kiandike ya Kiswahili. Mimi nimeshaanza: maneno 60 hadi sasa, na herufi Q na X bado hazijapata kazi.