Mkienda kwa kukhu, zimeni simu

Wacha nianze kwa kujishtaki mwenyewe, kabla mtu hajaingia hapa chini kunikumbusha.

Desemba iliyopita mimi na wasee watatu wa ushirika wetu wa vijana tulitoka Kitale na unga, mafuta, sukari na blanketi moja. Tukashuka Webuye, tukapanda boda mpaka Matulo, kwa kukhu mmoja anayelea mjukuu peke yake. (Kwa wasio wa huku, kukhu ni nyanya.) Tukaomba. Tukampa vitu. Halafu mwenzetu akaangalia simu akasema sauti imeharibiwa na upepo, turudie.

Tulirudia mara tatu. Mara tatu yule mama alirudisha blanketi mikononi mwetu, akaingia ndani, akatoka tena kana kwamba ndio tunafika, akapokea, akamshukuru Mungu. Mara ya tatu ni mimi niliyemwambia, "Kukhu, inua mikono kidogo zaidi." Na aliinua. Angefanya nini? Unga ulikuwa bado uko upande wetu.

Video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Maoni yote yalikuwa amina, Mungu awazidishie, vijana wa mfano. Nililala vizuri sana usiku ule. Januari shule zikafunguliwa, na mjukuu wa kukhu, msichana wa kidato cha pili, akakuta wenzake wamempa jina: Blanketi. Alikaa nyumbani wiki mbili akisema tumbo linauma. Habari nilizipata kwa jirani, si kwa kukhu. Nilipoenda kuomba msamaha hakunigombeza hata kidogo. Alinipikia chai, tukanywa, na nikiinuka kuondoka akasema tu, "Mkirudi, mjukuu wangu, njooni giza likiingia."

Sasa nisemeje? Nasema hivi: kumrekodi maskini akipokea, halafu kuposti uso wake, si huduma. Ni kununua. Nilinunua uso wa mtu kwa bei ya blanketi, na bei ilikuwa ya kutupa. Tumeipa jina zuri, ati tunahamasisha, ati tunampa Mungu utukufu. Jameni, Yesu hakuongea kwa mafumbo kwenye hii. Soma Mathayo sura ya 6: anawataja kabisa wale wanaopiga tarumbeta wakitoa sadaka, na anasema wameshalipwa. Mkono wa kushoto hautakiwi kujua kazi ya mkono wa kulia. Sisi wa kushoto ndio umeshika simu.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kizazi chetu ndicho kilichowazomea waheshimiwa kwa kosa hili hili. Hapa jirani, Butere, Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana aliwanyima wanasiasa kipaza sauti kanisani. Tulishangilia. 2024 tukajaa barabarani, tukasema madhabahu si mahali pa kuogeshea pesa. Novemba mwaka huo Rais Ruto akatoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na jimbo kuu likatangaza pesa zirudishwe. Tuliposti tena kwa fahari. Haya, niambie tofauti ya mheshimiwa anayetoa bahasha mbele ya kamera za televisheni na mimi ninayetoa unga mbele ya simu yangu. Yeye anatafuta kura, mimi natafuta wafuasi. Bahasha yake angalau ilikuwa nene.

Wengine watasema, buda, mimi sina mtaji, bila video wafadhili hawatumi kitu. Hiyo naielewa, ndiyo hoja pekee yenye uzito. Lakini mfadhili anahitaji kujua pesa yake ilifika, hahitaji machozi ya mtu. Piga picha risiti ya duka. Piga picha gunia. Kama ni bili ya hospitali, lipa kwa M-Pesa uonyeshe ujumbe, ufiche jina. Anayekataa kutoa mpaka aone kukhu akilia hakuwa anatoa sadaka, alikuwa anatafuta sinema.

Nimekulia Webuye. Pan Paper ilipofungwa 2009 nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na baba alikuwa mmoja wa waliorudi nyumbani mikono mitupu. Wale waliokuwa hapa wanajua mji ulivyonyamaza. Sare yangu na pesa ya mtihani vililipwa mwaka ule wote, na mimi nilidhani ni baba. Miaka mingi baadaye, tukitoka kumzika mzee mmoja wa kanisa la Friends, mama akaniambia njiani ni yule mzee. Friends wako Magharibi hii tangu walipofika Kaimosi mwaka 1902, na wala si kwamba wao ni malaika, mabishano yao tunayajua. Lakini mzee yule alikuwa akinisalimia kila Jumapili, ananiuliza hesabu zinaendaje, na hakuwahi kunipa hata dalili. Kama angekuwa na simu na tabia zangu, ningemaliza shule nikiitwa Sare.

Kukhu naye ana jirani, mama muuza mboga, aliyemletea maji mtungi mmoja kila siku tangu goti lilipomharibikia. Mvua, jua, siku ya soko, analeta. Wanagombana hata, maana kukhu ana ulimi, na kesho yake mtungi bado unafika. Sisi tulifika na bale za unga, tukakaa dakika arobaini, na video haikumwonyesha. Nilimwomba asogee kidogo, alikuwa anaharibu picha.

Video nimeitoa. Najua kuna walioihifadhi na inazunguka bado, hiyo siwezi kuirudisha. Msichana amerudi shuleni, jina halijaisha. Jumamosi mbili kwa mwezi naenda kuchota maji ili yule jirani apumzike, na sijui kama ningekuwa nayaandika haya kama nisingehitaji mtu anisikie, kwa hivyo hata hapa nijihadhari.

Wiki jana mtu aliye ughaibuni aliniandikia, yuko tayari kutuma pesa ya magodoro kwa familia kumi Matulo. Sharti ni moja, video yenye nyuso. Nimemjibu nitamtumia risiti. Ameona ujumbe, hajajibu.