Mpangaji wa Liparamba naye ahesabiwe

Kila bajeti ya Wizara ya Ardhi inapofika Dodoma, wabunge hulumbana juu ya upungufu wa nyumba, unaotajwa kufikia milioni 3. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inamsahau mpangaji. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 ifutwe mwaka 2005, mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Mwalimu au muuguzi anayepangiwa kazi Liparamba au Mbamba Bay, kusini mwa Tanzania, anashuka na godoro na ndoo yake, mshahara wa kwanza haujaingia, na chumba cha tofali za kuchoma kinataka fedha za nusu mwaka mkononi.

Wapo watakaosema ukibana kodi, watu wataacha kujenga. Hofu hiyo ina msingi, na bei iliyopangwa kisheria nayo huchakaa: Kenya bado ina sheria ya kulinda wapangaji, lakini kikomo chake cha shilingi 2,500 kwa mwezi kimepitwa na wakati, kinawagusa wachache. Ndiyo maana sidai bei ipangwe na Bunge. Nataka malipo ya awali yasizidi miezi 3, mkataba uandikwe, na notisi iheshimiwe. Mkataba huo unamlinda hata mwenye nyumba, maana mpangaji msumbufu naye atabanwa kwa maandishi. Kuongeza nyumba ni kazi ya miaka. Haki hii inahitaji kifungu kimoja tu cha sheria.