Hiyo Ni Fonti Tu?

Wadau, leo nina hasira, mtanisamehe.

Juzi nilipata ripoti ya mradi mmoja wa huku kwetu Mtwara (walioiandaa nawahifadhi kwa sasa). Kurasa za mwanzo safi kabisa. Nafika katikati, maandishi yanabadilika: yalikuwa Times New Roman, ghafla yamekuwa Arial, madogo, tena yana ubluu kwa mbali. Na kwenye aya hiyo hiyo naambiwa kwamba wananchi wa Msimbati wanaishi kwa kuvua sangara.

Sangara, jamani! Samaki wa maji baridi, wa Ziwa Victoria! Msimbati ni bahari tupu, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Pale maji yakikupwa akina mama wanaingia miambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Hao kwenye ripoti hawamo.

Nikampigia kaka mmoja aliyeshiriki kuiandaa. Akacheka. "Mdogo wangu, hiyo ni fonti tu, tutairekebisha."

Fonti tu! Ukinakili maandishi, mara nyingi hayaji peke yake, yanakuja na umbo lake: fonti, ukubwa, rangi, hata viungo vya intaneti. Dawa ipo, kwenye programu nyingi unabonyeza Ctrl+Shift+V yanabandikwa maneno matupu. Kaka anaijua vizuri, siku hiyo alisahau tu. Na mimi nashukuru alisahau, maana bila ule ubluu huenda ningempita yule sangara nikiwa nasinzia.

Ripoti kama hizi ndizo zinazosema mradi utamgusa nani. Mama wa pweza ambaye hakuandikwa, siku ya fidia atadai kwa karatasi gani?

Msidhani najitoa. Niliwahi kukopi na kupesti taarifa ya ofisi fulani nzima nzima, na "kwa maelezo zaidi wasiliana nasi" ikatoka gazetini chini ya jina langu. Mhariri hakuona, mimi sikuona. Aliyeona ni shangazi yangu, akanipigia kuuliza nimeajiriwa lini huko.

Kikao cha wananchi ni Jumatano. Nakwenda, na ile aya nimeichapisha kwa rangi, nakala ishirini.